Miaka ya Katikati

Kwenye chumba changu cha kazi kuna rafu moja ndefu kuliko vitabu vyake. Seremala aliyeitengeneza aliniuliza mara mbili kama nimepima sawasawa. Nilikuwa nimepima. Nilitaka kupanga humo riwaya za Kiswahili kwa mwandishi na kwa mwaka, na kila mwaka uliopita kati ya kitabu na kitabu niuachie upana wa kidole kimoja.

Adam Shafi ndiye aliyenifanya niagize ubao wa ziada. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978 na Kuli 1979, kwa hiyo zimeachana kidole kimoja tu. Zikiisha hizo, kuna vidole ishirini vya ubao mtupu hadi Vuta N'kuvute, 1999. Halafu vinne hadi Haini, kumi hadi Mbali na Nyumbani, vitano hadi Mtoto wa Mama ya 2018. Miaka arobaini ya kazi, riwaya sita, na sehemu kubwa ya ubao haina kitu.

Chini yake yupo Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake hawakurudi mpaka 1968, katika Kisima cha Giningi. Kisha ghafla, kuanzia 1973, vitabu vinne kwa miaka minne mfululizo. Kisha kimya cha miaka minane hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, mwandishi akiwa na umri wa miaka 66.

Kijana akija kwangu na muswada kifuani, akiuliza habari za kuwa mwandishi, namsimamisha mbele ya rafu hiyo na kumwomba ahesabu vidole. Wengi huhesabu vitabu. Namrudisha kwenye ubao, kwa sababu huko ndiko mwandishi anakoishi. Siku ya uzinduzi ni siku moja, kuna keki na picha na shangazi aliyetoka mbali kwa basi. Kesho yake asubuhi anaamka mtu mwenye kitabu kimoja, hajui la kufanya hadi cha pili, na kitabu cha pili kinaweza kuwa mbali vidole vitatu au ishirini. Sura hii inahusu miaka hiyo tu.

Kwanza, riziki. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo linaloua wengi, na ndilo tunaloona aibu kulisema.

Shaaban Robert alizaliwa 1909 karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazini kuwa karani wa forodha, na tangu hapo hadi 1960 hakuacha kuwa mtumishi wa serikali: forodhani, kisha idara ya mifugo, kisha ofisi ya mkoa, kisha upimaji ardhi. Kusadikika ilipotoka 1951 alikuwa amekwisha shika kalamu ya mwajiri kwa robo karne. Mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye mitaa na shule, ambaye tunamfundisha kama mzazi wa nathari yetu, aliandika akiwa na bosi, saa ya kuripoti, na barua za uhamisho zilizomtoa mji huu kumpeleka mji ule. Naiona picha hiyo kila ninapomsikia mtu akisema ataanza kuandika akishaacha kazi.

Na hakuwa peke yake. Muhammed Said Abdulla alianzia idara ya afya, kisha akahariri jarida la Mkulima kwa miaka kumi. Watunzi Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed walikuwa wahadhiri, mmoja akimalizia Botswana, mwingine akifundisha Bayreuth, Ujerumani. Ken Walibora alipita magereza, darasani, kwenye meza ya kusomea habari za televisheni, kisha chuo kikuu. Elvis Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara aliyeongoza chemba ya biashara ya taifa. Hata nje ya kwetu, Naguib Mahfouz wa Misri alibaki mtumishi wa wizara hadi alipostaafu 1971, miaka 17 kabla ya Nobeli. Sijui hata mmoja katika hawa aliyekaa akingoja riwaya imlipie kodi ya nyumba.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na napenda kuifanya mbele ya mtu, kwa kalamu. Tuseme kitabu chako kinauzwa shilingi 15,000 na mkataba unasema mrabaha ni asilimia 10. Uliza, asilimia 10 ya nini? Ikiwa ni ya bei ya jaladani, unapata 1,500 kwa kopi. Ikiwa ni ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya mwenye duka kukata asilimia 40 yake, unapata 900. Tuseme zilichapwa kopi 2,000 na zote zikauzwa ndani ya miaka minne, jambo la kushukuru kwa riwaya isiyosomwa shuleni. Katika hali ya kwanza umepata milioni 3, sawa na shilingi 62,500 kwa mwezi. Katika hali ya pili ni 37,500. Hapo mchapishaji ni mwaminifu na hakuna aliyetoa fotokopi.

Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Nasema ili achague kazi nyingine kwa makini kama anavyochagua jina la mhusika. Swali la kujiuliza ni hili: kazi hiyo inakuachia nini ikifika saa kumi na mbili jioni? Nimefundisha sekondari miaka 19. Ualimu uliniachia likizo na masikio yaliyojaa maneno ya vijana, lakini wiki za kusahihisha mitihani sikuweza kuandika hata barua. Rafiki yangu wa gazetini alikuwa na nafasi zaidi ya kuandika kuliko mimi, akaandika kidogo kuliko mimi, kwa kuwa kutwa nzima alitumia msuli uleule. Binamu yangu alisimamia ghala la mbolea. Ghala lilimlipa vizuri, halikumgusa kichwa, na usiku alikuja mezani akiwa mzima. Kama ningeanza upya ningetafuta ghala.

Saa yangu ni ile ya baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai ya watoto. Ni dakika hamsini hivi. Riwaya zangu tatu zote zimeandikwa humo, na hadi leo watoto wakiwa wamekwenda kwao, mkono hauandiki vizuri jua likishapanda. Mwanamke anayeandika atanielewa haraka. Kwenye rafu, Zainab Burhani ana Mali ya Maskini ya 1981, Mwisho wa Kosa ya 1987, kisha vidole kumi na saba hadi Kipimo cha Mizani, 2004. Sijui habari za nyumba yake na sitazibuni. Ninachojua ni kwamba kila ninapofika kwenye kile kipande cha ubao nakaa kidogo, nikiwafikiria wanawake niliosoma nao waliokuwa wakitunga vizuri kunizidi, na ambao vidole vyao havikuhesabika kwa kuwa kitabu cha kwanza hakikufika.

Miaka mitupu, hata hivyo, si lazima iwe miaka mikavu. Mtazame Kezilahabi. Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979: kijana aliyetoka Ukerewe anaandika kwa kasi, riwaya zenye vijiji, miji, ulevi, siasa, mauti. Kisha vidole kumi na kimoja. Upande wa pili wa pengo hilo imesimama Nagona ya 1990, kitabu chembamba ambacho ukikifungua baada ya Gamba la Nyoka unaangalia jaladani tena kuhakikisha jina. Mpangilio wa visa umevunjika, mahali hapana jina, wanafalsafa wanasema na wafu. Kilichotokea katikati ni kwamba alikwenda Marekani, akakaa na falsafa, akakamilisha tasnifu ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985 juu ya falsafa ya Kiafrika na namna ya kuifasiri fasihi. Nagona haikuweza kuandikwa na yule wa 1979. Miaka kumi na moja ilimpika mwandishi mwingine.

Ndivyo ilivyo na Haini. Adam Shafi alitiwa kizuizini katika ile kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais wa Zanzibar, Abeid Karume, Aprili 1972. Riwaya ilitoka 2003. Mambo mengine hayaandikiki mpaka yapoe, na mwandishi anayelazimishwa na woga wa kusahauliwa kutoa kitabu kila mwaka atayatoa yakiwa mabichi.

Naona watu wawili wakinisoma hapa. Mmoja anafurahi kuwa amepata ruhusa ya kulala. Kwake nasema: Kezilahabi hakulala, alikuwa anasoma. Pengo linalozaa lina daftari ndani yake. Mimi katika miaka sita kati ya riwaya ya pili na ya tatu niliandika hadithi fupi kumi na nne, nikahariri miswada ya wenzangu, nikatafsiri kijitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho kilinifunza kuandika sentensi inayoeleweka na mtu aliyechoka. Hadithi tano katika zile kumi na nne zilistahili kusomwa. Ya sita ilikuwa mbegu ya riwaya.

Mwingine anasoma kwa hofu kwa kuwa anaandika upesi, na chuoni alifundishwa kuwa upesi ni dhambi. Huyu namtetea kwa nguvu zangu zote. Tuna desturi ya kuwaweka waandishi wa riwaya pendwa kwenye chumba cha uani. Lakini nenda ukaulize nani aliwafanya vijana wa miaka ya 1970 na 1980 wanunue kitabu kwa fedha zao, bila kutumwa na mwalimu. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965. Musiba na Kufa na Kupona, 1974. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Kaka yangu alisoma Tutarudi na Roho Zetu? kwa tochi chini ya shuka, akanikodishia mimi kwa senti kwa usiku mmoja, na siku ya tatu kitabu kilikuwa kimepita nyumba sita. Watunzi hawa walifahamu jambo ambalo Muhammed Said Abdulla alilifahamu kabla yao: mhusika wa kudumu ni daraja juu ya miaka ya katikati. Msomaji aliyewapenda Bwana Msa na mwenzake Najum haulizi jina la kitabu kijacho. Anauliza, wamerudi? Mwandishi mwenye mhusika wa namna hiyo ana mtu anayemngoja, na kungojwa ni mtaji.

Sasa mkataba. Hapa nitakaa, maana niliumia.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa mbili. Niliusaini palepale ofisini kwa mchapishaji, soda mkononi, nikiona haya kuusoma mbele ya mtu aliyekubali kunitoa. Kifungu kimoja kilisema nahamisha haki zote za kazi hiyo, kwa lugha zote na kwa njia zote, bila kutaja mwisho. Kitabu kilitoka, kikapendwa kwa kiasi chake, kikaisha madukani mwaka wa tatu. Hakikuchapwa tena. Taarifa ya mauzo nilipewa mara moja, kwenye karatasi isiyo na tarehe. Mwaka wa nane mtayarishaji wa vipindi vya redio alinipigia, anataka kukifanya mchezo wa kila Jumamosi. Nikalazimika kumwambia kuwa si mali yangu. Nilimpelekea mkataba shemeji yangu aliye wakili, akausoma akiwa amesimama, akasema, "Shemeji, hapa hukukodisha. Hapa uliuza." Ilichukua miaka mingine mitatu ya barua kukirudisha.

Tangu siku hiyo maneno yale mawili, kukodisha na kuuza, ndiyo miwani yangu. Mchapishaji mwema ni mpangaji anayekaa ndani ya nyumba yako, anaitunza, anaifanyia biashara, na analipa. Kwa hiyo naandika muda: miaka mitano au saba, kisha tuzungumze upya. Naandika kwamba kitabu kikikosekana madukani kwa miezi kumi na miwili na mchapishaji asikirudie baada ya kukumbushwa kwa barua, haki zinarudi kwangu bila mjadala. Nampa haki ya kuchapa kwa Kiswahili kwenye karatasi, na kama ana uwezo wa kuuza kwa njia ya kielektroniki tunalitaja hilo peke yake na kiwango chake. Tafsiri, redio, filamu na kitabu cha kusikiliza nabaki nazo, au tunagawana mapato kwa sehemu iliyoandikwa. Na natia tarehe ya taarifa ya mauzo, siku na mwezi, nikiongeza haki ya kukagua hesabu.

Watu husema, filamu gani hiyo itakayotengenezwa kwa riwaya ya Kiswahili? Vuta N'kuvute ilitoka 1999. Mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji yenye jina hilohilo ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Miaka 22 ilipita. Rosa Mistika ilingoja zaidi: tafsiri yake ya Kiingereza imetoka Marekani mwaka 2025, miaka 54 baada ya kitabu na mitano baada ya mwandishi kufariki. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001, hakimiliki inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Unaposaini mezani ukiwa na miaka 28, soda mkononi, unawasainia na watu ambao hawajazaliwa.

Kuhusu kujichapishia sina mengi. Ni njia halali na ina wazee wake: Mtobwa alikuwa na Heko, Kyallo Wadi Wamitila ana Vide-Muwa. Anayeifuata ajue tu kuwa anaanza kazi ya tatu. Mpigachapa atataka malipo ya awali, katoni zitalala chini ya kitanda, na maduka yatachukua kopi kumi kwa mali kauli ambazo utazifuatilia kwa nauli yako mwenyewe. Vijana siku hizi wanatoa hadithi kwa sehemu katika makundi ya simu, msomaji analipa kwa simu na kuunganishwa, na ukiwauliza watakwambia kuwa sehemu ya tatu ndiyo inayovuja. Hawa nawaheshimu. Ni warithi wa zile hadithi za magazetini zilizoishia na neno "itaendelea", na wanamjua msomaji wao kwa jina na namba, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata kwa mchapishaji yeyote. Mhariri tu ndiye ninayewaomba wasimruke. Chapisho linaloanza kwa kosa la tahajia ukurasa wa kwanza linamfukuza yule msomaji ambaye angenunua cha pili.

Halafu kuna shule. Hakuna mada inayozungumzwa na waandishi wa Afrika Mashariki kwa sauti ya chini kama hii.

Kitabu kikiteuliwa kuwa cha fasihi shuleni, hesabu niliyoifanya hapo juu inapasuka. Kenya, riwaya moja ya Kiswahili husomwa na kila mtahiniwa wa kidato cha nne nchini kwa miaka kadhaa. Siku Njema ya Walibora, 1996, ilipita njia hiyo, kisha Kidagaa Kimemwozea, iliyotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017. Ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kizazi kizima kinaweza kukutajia wahusika wa kitabu kimoja hata kama hakijasoma kingine maishani. Sidharau hilo hata kidogo. Nimekutana na kondakta wa matatu aliyenieleza kisa cha Amani na Imani wa Kidagaa kutoka Nakuru hadi Naivasha, kwa uchungu kama wa ndugu.

Lakini uteuzi ni masika. Inanyesha, inakatika, na aliyejenga maisha juu ya mvua hiyo bila kuchimba kisima atapata tabu mwaka wa sita. Mwandishi mmoja, jina nalihifadhi, aliniambia alifanya jambo la busara kuliko nyumba na gari: alinunua miaka miwili. Alichukua likizo bila malipo akaandika. Kwangu mimi hayo ndiyo matumizi bora ya fedha ya uteuzi, kwa sababu inarudi kwenye ubao na kujaza vidole.

Hatari yenyewe iko kichwani. Mwandishi aliyeonja shule, au anayeitamani, huanza kuandika akiwa na kamati imeketi mbele yake. Mhusika anataka kutukana, mwandishi anamziba mdomo. Binti anataka kupenda, mwandishi anamtumbukiza kisimani kabla ya ukurasa wa themanini ili mwalimu apate dhamira. Nimesoma miswada ya namna hii mingi, mingine ya watu wenye kipaji kikubwa, na ninahuzunika ninapoiona. Rosa Mistika ilipotoka ilizuiwa shuleni kwa kusema wazi mambo ya mwili na ya wazazi wakali. Baadaye shule zenyewe ziliifuata. Kamati hubadilika, waziri hubadilika, mtaala hubadilika, na kitabu kilichoandikwa kuwaridhisha watu wa kikao fulani huzeeka pamoja na kumbukumbu za kikao.

Tuzo ni jirani wa shule. Sasa tunazo zaidi ya enzi zangu. Ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilitenga jumla ya dola 15,000 na kupokea hata miswada isiyochapishwa, kwa Kiswahili, kutoka popote. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023: mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10 na muswada wake huchapishwa na serikali. Peleka. Usiposhinda, peleka tena. Kwangu mimi faida kubwa ya tuzo imekuwa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Nilimaliza riwaya ya tatu kwa sababu dirisha lilikuwa linafungwa usiku wa manane na nilikuwa na sura mbili hazina miguu. Sikushinda. Muswada ulikuwa umekwisha, na huo ndio niliokuwa nikiukosa kwa miaka sita.

Kwa anayengoja tuzo, Abdulrazak Gurnah yupo kwenye ubao wa chini kabisa, kwa Kiingereza, isipokuwa kitabu kimoja. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987 alipokuwa anakaribia miaka arobaini. Akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu, akitoa riwaya kila baada ya miaka miwili, minne, mitano, sita. Ya nne, Paradise, ilifika kwenye orodha fupi ya Booker 1994, kisha dunia ikarudi kwenye shughuli zake. Alipotangazwa mshindi wa Nobeli 2021 alikuwa na riwaya kumi. Hicho kitabu kimoja cha Kiswahili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Kati ya Paradise na Peponi ni vidole ishirini na vinane. Nilivipima mwenyewe.

Limebaki la karatasi. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968, na Kufikirika, aliyokuwa ameiandika tangu miaka ya 1940, nayo ilifika dukani yeye akiwa kaburini. Kuna aliyeitunza miswada ile, akaijua ilipo. Mwandishi mwenzetu akifariki leo, mara nyingi kompyuta inafungwa kwa neno la siri, mikataba iko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na risiti za umeme, na watoto hawajui hata jina la mhariri.

Mwaka jana binti yangu mkubwa alikuja kwa wiki moja. Jioni ya pili nilimkalisha sakafuni, nikamtolea kasha la bati. Nikamwonyesha mikataba, kila mmoja na bahasha yake, tarehe ya kwisha imeandikwa kwa wino mwekundu. Nikampa daftari lenye majina ya wahariri na kiwango cha mrabaha, na kijikaratasi chenye neno la siri. Alisikiliza kwa utulivu, akanihoji kuhusu ule mkataba wa kurasa mbili, akaucheka kwa huruma. Kisha akavuta daftari la jalada la kijani lililokuwa chini kabisa.

"Na hili, Mama? Hili ni la kitabu gani?"

"Hicho bado. Kimefika ukurasa wa tisini na mbili."

Akalirudisha, akafunga kasha. Kabla hajazima taa akaniuliza nimwamshe saa ngapi anipikie chai.